Msiwasingizie Vijana Udini

Nenda kwenye msiba wowote mkubwa Kasulu au Kibondo. Watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakisubiri kaburi likamilike, utasikia maneno yaleyale. Mzee atasema enzi zao hakukuwa na udini. Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato na Mwislamu walizikana, walilishana, waliozana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi. Leo, ataendelea, vijana wameharibika: makanisa ya maombezi yamewatia kiburi, mihadhara imewatia jazba, na simu imemalizia kazi. Watu wataitikia kwa vichwa. Diwani akisimama kutoa rambirambi atayarudia hayohayo, na katekista na imamu, ambao siku nyingine wana mengi ya kubishania, hapo watakubaliana.

Nayapinga maneno hayo. Sikatai kwamba wazee walizikana. Walizikana kweli, na hilo ni jambo kubwa. Ninachokataa ni hesabu nzima inayojengwa juu yake: kwamba uvumilivu ni mali ya waliozaliwa kabla ya Azimio la Arusha, kwamba chuki ya dini ni maradhi ya waliozaliwa na simu mkononi, na kwamba dawa ni vijana kurudi kwenye mwenendo wa babu zao. Hesabu hiyo si kweli kwa historia ya milima hii, na inawaumiza watu walio hai.

Tuanze na milima yenyewe. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakaukuta mji wa misafara wenye Waislamu wake na biashara yake. Lakini Ujiji ni ufukweni. Huku juu, Heru, Muhambwe na Buyungu, dini za kitabu zilichelewa, na zilipoingia kwa nguvu wakati wa ukoloni ziligawana vilima. Kabanga ikawa ya Wakatoliki. Waanglikana wa CMS, ambao wamisionari wao wengi walitoka Australia, wakajenga upande wao, na mwaka 1966 Kasulu ikawa makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika. Wasabato wakapata Heri, upande wa Manyovu, na hospitali yao. Waislamu walikuwa zaidi madukani na kwenye vituo vya biashara, wengi wakiitwa Waswahili hata kama mama zao walikuwa Waha watupu, wenyeji wa milima hii. Ukiifikiria ramani hiyo utaona sababu moja kubwa ya wazee kutogombana: hawakuwa pamoja. Miji ya Waha ilitawanyika kwenye miteremko, kila ukoo na migomba yake. Mtoto aliyezaliwa karibu na kengele ya Kabanga aliweza kubatizwa, kusoma, kuoa na kuzeeka bila kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya Mprotestanti.

Shule nazo zilikuwa za misheni kwa sehemu kubwa. Aliyetaka kalamu alipitia kwa katekista au kwa mwinjilisti. Mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe huko alijua kwamba huenda mtoto akarudi na jina jingine, na wazazi wengi waliona afadhali abaki nyumbani. Mambo hayo yalibadilika kisheria pale tu Serikali ilipozichukua shule za mashirika ya dini, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mzee aliyesomea ndani ya uzio wa misheni anakumbuka utulivu, na hasemi uongo. Mwenzake aliyebaki nje ya uzio anakumbuka mambo mengine, ila msibani hapewi kipaza sauti.

Hata ndani ya Ukristo hapakuwa na hicho kinachosimuliwa. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, Mkatoliki hakuruhusiwa kushiriki ibada ya Waprotestanti, na aliyeoa nje ya kanisa lake bila ruhusa alinyimwa sakramenti. Kuna wazee walio hai hadi leo ambao walisimama nje ya kanisa ndugu yao wa damu akifunga ndoa ndani, kwa sababu kuingia ilikuwa dhambi ya kuungama. Nao Waprotestanti walifundishwa kwamba rozari ni sanamu. Mtu akiniambia enzi hizo hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi, namjibu kwamba hakukuwa na haja ya kuuliza. Kilima alichotoka kilikwisha kujibu.

Halafu wakaja walokole. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivuka mpaka, ukaingia Buha, nchi ya Waha, kupitia Waanglikana. Waliookoka waliungama hadharani, wakachoma hirizi, wakaacha pombe. Sisi tuliokulia katika habari za wokovu tunalitaja hili kwa wepesi, lakini lifikirie lilivyokuwa uani kwa mwenye mji. Chungu cha pombe ya ndizi kimewekwa katikati. Wanaume wamekizunguka, kila mmoja ameshika mrija wake, baba wa binti upande huu, baba wa kijana upande ule. Mahari inazungumzwa hapo. Mpaka wa shamba unasuluhishwa hapo. Aliyekosa anasamehewa kwa kupewa mrija, na asiyepewa anajua kesi yake haijaisha. Anafika kijana aliyeokoka, anasalimia vizuri, anaambiwa karibu, anakataa mrija. Kwa macho ya waliokaa pale, ameukataa ukoo. Baba zake hawakulichukulia kama suala la imani binafsi, na yeye mwenyewe hakutaka walichukulie hivyo, kwani alikuwa ameambiwa kwamba chungu kile ni cha Shetani. Watoto wa vijana wale ndio wazee wanaolalamika leo turubaini. Walilelewa wakisimuliwa kwamba kukataa mrija ni ushujaa. Sasa mjukuu akikataa pilau ya Idi kwa ami yake, wanashangaa ametoa wapi tabia hiyo.

Nafika sasa mahali ambapo maneno ya turubaini hayafiki kabisa. Orodha ya dini zilizozikana ina majina manne au matano, na jina moja halimo. Waha walikuwa na dini kabla ya padri, mchungaji na shehe. Walimjua Mungu kwa jina la Imana. Walikuwa na abateko, watu wa tambiko waliosimama kati ya jamii na ardhi, ambao bila wao hukufungua shamba jipya wala hukutuliza balaa la mvua na wadudu. Mwanahistoria Michele Wagner ameandika vizuri kuhusu Buha, katika kitabu cha pamoja juu ya mazingira na historia ya Tanzania kilichotoka mwaka 1996, akionyesha jinsi Waha walivyoisoma nchi yao kupitia pepo wa mito, mapori na vilima, na jinsi wakoloni walivyowavuruga walipowahamisha watu kwa ajili ya malale. Hiyo ilikuwa elimu, ilikuwa utaratibu wa kuishi na nchi, na ilikuwa ibada. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda imani ya kila mtu na haidai kwamba imani hiyo iwe na kitabu.

Dini zote zilizokuja zilikubaliana jambo moja kuhusu ibada hiyo: kwamba si dini. Padri aliiita upagani, mchungaji akaiita giza, shehe akaiita ushirikina. Serikali ikaongeza neno lake, ushenzi. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya ule umoja unaosifiwa iliegemea hapo. Mkatoliki na Mwanglikana waliokuwa hawaingii kanisani kwa mwenzao walielewana vizuri sana walipomzungumzia mzee aliyebaki na kijumba cha mizimu nyuma ya nyumba. Walipokosa la kukubaliana, walikuwa na mtu wa kumdharau pamoja. Heru ilipofika mikononi mwa Mwami Theresa Ntare, jina la ubatizo lilikuwa limekwisha kutangulia jina la kifalme, na hakuna aliyeona ajabu. Simlaumu mama yule kwa hilo. Alikuwa kiongozi hodari katika zama ambazo wanawake hawakupewa kiti. Nasema tu kwamba mabadiliko makubwa hivyo hayapiti katika nchi bila watu kuyalipia, na sisi hatujawahi kuulizana nani alilipa.

Wake walilipa. Misheni zilidai kwamba mwanamume mwenye wake wengi, kabla ya kubatizwa, abaki na mmoja. Wengine waliahirisha ubatizo hadi kitandani pa mauti. Waliotii walichagua, na wale ambao hawakuchaguliwa waliondoka mjini, wengine na watoto mgongoni, wakarudi kwa kaka zao ambao walikwisha kuila mahari. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Leo familia inasimulia kwa fahari kwamba babu alibatizwa na kuishi na bibi mpaka kifo. Bibi yule mwingine hatajwi kwenye historia ya marehemu inayosomwa msibani, na watoto wake hukaa nyuma ya turubai.

Je, hakuna waliovumiliana kweli? Walikuwapo, na inafaa tuwaangalie vizuri, kwa sababu wanaonyesha uvumilivu hutoka wapi. Buha ilikuwa moja ya nchi zilizotoa manamba wengi wa mkonge. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, wakapelekwa Tanga na Morogoro. Huko walilala kwenye kambi na Wanyamwezi, Wabena na Warundi, wakapika chungu kimoja, wakauguzana. Baadhi walirudi wamesilimu, wamevaa kanzu, na wakaingia katika miji yenye kaka Mkatoliki na mama asiyebatizwa. Waliporudi hawakuwa na hamu ya kubishana juu ya nani ataingia mbinguni. Walikwisha kumzika rafiki wa dini nyingine mbali na kwao, bila padri wala shehe, kwa kutumia akili zao. Nyumba zenye mtu wa aina hiyo ndizo ambazo hadi leo utakuta Yohana na Ramadhani wamezaliwa tumbo moja na hawana habari. Lakini manamba yule hakuwa na umri tofauti na katekista aliyebaki Kabanga. Walizaliwa mwaka mmoja, pengine walikatwa kitovu na mkunga mmoja. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja aliwahi kumhitaji mtu wa dini nyingine na mwingine hakuwahi.

Ndipo ikaja Operesheni Kigoma. Kuanzia mwaka 1972 watu wa mkoa huu walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuhamishiwa kwa wingi katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa mstari mmoja, Msabato ukuta kwa ukuta na mpika pombe, Mwislamu jirani na mfuga nguruwe. Kwa mara ya kwanza milima ikawa na majirani halisi wa dini mbalimbali, na mambo hayakulipuka. Wazee wanastahili sifa kwa hilo, ingawa Mwalimu Nyerere naye alikuwa amezima mjadala. Dini haikuzungumzwa kwenye mkutano wa kijiji. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza mtu ni wa dini gani. Kwa nchi changa huenda huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mtu aliyenyamazishwa hajavumilia. Mwislamu aliyejiuliza kwa nini watoto wa jirani wamekuwa waganga wakuu na mahakimu, na wa kwake hawakuwa, hakupata pa kuuliza. Swali lake halikufa. Lilirithiwa.

Ndiyo maana nachoka ninaposikia kwamba mihadhara ni uzushi wa vijana wa leo. Mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat alikuja Tanzania mwaka 1981. Kitabu cha Ngariba na Kawemba, Uislamu Katika Biblia, kilitoka mwaka 1987, wakati simu ya mkononi haijafika nchini. Mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam Aprili 1993, na watu waliobishana kuhusu tukio hilo magazetini, makanisani na misikitini walikuwa watu wazima, walioimba nyimbo za TANU wakiwa shuleni. Kama utoto wa zama za Mwalimu ungekuwa chanjo, wao wangekuwa wa kwanza kukingwa.

Chukua na suala la kuchinja. Kwetu, harusi au ubarikio ukiwa na wageni mchanganyiko, Mwislamu huitwa kuchinja ili kila mtu ale. Ni desturi njema. Wageni wa Kikristo huila nyama ile kwa amani, na pembeni huwa na sufuria ya nguruwe kwa wanaopenda, ambayo Msabato naye huipita mbali kama Mwislamu. Lakini desturi hiyo ilidumu kwa sababu hakuna aliyeulizwa kama anaridhika nayo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, kwenye njia ambayo watu wetu hupita wakienda Mwanza, ubishi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu ya watu na mchungaji mmoja akauawa. Baada ya msiba ule wengi walisema vijana wamechochewa. Huenda walichochewa, lakini kuni zilikuwa zimekaa hapo miaka mingi na wazee walikuwa wakizipita. Kama tungezungumza mapema, wazi, kwamba Mkristo anayo haki ya kula alichochinja mwenyewe na kwamba kumwita Mwislamu ni heshima tunayompa mgeni wala si sheria, wachochezi wangekosa la kushika.

Wapo wanaokwepa hoja hizi kwa kuwatupia wakimbizi lawama. Wanasema Kibondo na Kasulu zilikuwa tulivu mpaka Warundi na Wakongo walipokuja na madhehebu yao yasiyohesabika. Ni kweli kwamba ukiingia kambi ya Nyarugusu utasikia kwaya kabla hujaona makanisa, na makanisa ni mengi. Lakini angalia walikotoka. Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, waliovuka mpaka kuja kwetu kwa wingi walitoka katika nchi ambayo wengi wao, waliokimbia na waliowakimbiza, walikuwa Wakatoliki. Walibatizwa kwa maji yaleyale. Rwanda mwaka uliofuata ilikuwa hivyohivyo, watu wakauawa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata walimokimbilia. Wilayani Kibondo kulikuwa na kambi ya Mkugwa, ambayo miongoni mwa watu wake zilikuwamo familia za Wahutu na Watutsi waliooana, kwa sababu katika kambi nyingine hawakuwa salama. Walikuwa na dini moja na mke mmoja mume mmoja, kama misheni ilivyotaka. Anayeamini kwamba wingi wa dini ndio hatari, na kwamba zamani palikuwa salama kwa kuwa kila kilima kilikuwa na dini yake, awe na jibu kwa Mkugwa.

Utafiti mpana unaelekea upande huohuo. Afrobarometer walipouliza watu wa nchi 33 za Afrika, mwaka 2014 na 2015, kama wangekubali jirani wa dini nyingine, watu 87 katika kila 100 walisema wangependa au hawajali. Na nchi zenye mchanganyiko mkubwa zaidi wa dini ndizo zilizokuwa na uvumilivu mkubwa zaidi. Anayeishi na mwingine humzoea. Jibu la jirani ni rahisi kulitoa, nakubali, kwani jirani hakai mezani kwako kila siku. Kipimo kigumu ni ndoa.

Na kwenye ndoa ndipo sifa za wazee zinapungua zaidi. Husema, tulioana. Waulize mlioanaje. Karibu kila mara mmoja alibadili dini, na karibu kila mara alikuwa mwanamke. Alifundishwa katekisimu kwa wiki chache au kutamkishwa shahada, akapewa jina jipya, na watu wa kwao wakaja kula. Wakati huo wote Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwapo, na inaruhusu mwanamume na mwanamke wa dini mbili kufunga ndoa ya bomani, kila mtu akabaki na imani yake. Wanaoitumia nafasi hiyo leo ni vijana. Wamesoma pamoja katika shule za kata, zilizoenea baada ya mwaka 2004, ambako binti wa Kipentekoste na kijana wa Kiislamu hukaa dawati moja miaka minne na mwalimu haulizi. Wanafanya biashara pamoja, asali ya Kibondo kwenda Dar, maharage ya Kasulu kwenda Mwanza. Wanapendana, wanakwenda kwa wazazi kwa adabu zote, wanapiga magoti, wanasema kila mmoja angependa kubaki alivyo. Anayewakatalia ni nani? Ni baba mwenye kushika mahari, yuleyule wa turubaini. Anasema hatakuwa na mkwe kafiri, au mkwe wa mashetani, halafu Jumamosi anakwenda msibani kusema vijana wana udini.

Sijasema vijana wote ni wema. Nawajua waliokataa kula chakula cha bibi yao kwa sababu bibi alimwaga kidogo chini kabla ya kula, kwa ajili ya waliotangulia. Nawajua waliotuma kwenye makundi ya simu picha za kuwatukana wenzao wakati wa Ramadhani, na waliowajibu kwa matusi makubwa zaidi. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo walilolibuni. Lugha ya "mapepo" wameipata mimbarani kutoka kwa mtu mwenye mvi. Lugha ya "kafiri" pia. Kilichobadilika ni kwamba babu aliyasema kilimani kwake na mjukuu anayasema mahali ambapo anayetukanwa anasikia na kujibu. Ninaona kuna faida katika hilo, ingawa inaumiza. Anayejibiwa hulazimika siku moja kumsikia anayemjibu, na nimewaona vijana waliotoka kwenye matusi wakafika kwenye maswali ya kweli: kwa nini mnafunga, kwa nini hamtumii sanamu, kwa nini Jumamosi. Babu zao hawakuwahi kuulizana maswali hayo.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ndilo linalonifanya nisiweze kuyanyamazia maneno ya turubaini. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya Watanzania tisa katika kumi wanaamini uchawi upo, Wakristo na Waislamu. Miaka ya karibuni vijiji kadhaa vya mkoa wa Kigoma vimepitiwa na kamchape, watu wanaodai kuunusa uchawi na kuutoa nyumbani mwa mtu. Wakiingia kijijini, dini zote hutoka. Anayechangia fedha ana rozari shingoni, anayeonyesha nyumba ana kofia ya swala, anayeshangilia ameokoka. Na nyumba inayoonyeshwa mara nyingi ni ya mzee wa peke yake, mara nyingi mwanamke, mara nyingi yule anayejua mizizi na majina ya zamani. Hapo ndipo umoja wa dini niliokua nikisikia ukisifiwa huonekana ukiwa na nguvu zake zote, na sitaki kuurithi.

Najua nitakachojibiwa: dini ya jadi unayoitetea ndiyo iliyoleta waganga, na waganga ndio waliowaua watu wenye ualbino. Mauaji yale yaliposhika kasi kati ya 2007 na 2009, watoto walikimbiziwa hapahapa kwetu, shule ya Kabanga, wakaishi nyuma ya ukuta mbali na wazazi. Sitamtetea mganga yeyote aliyehusika. Lakini biashara ile ilifuata tamaa ya utajiri wa haraka, hasa machimboni na kwenye uvuvi, na viungo vilinunuliwa na watu wenye fedha, waliokuwa na majina ya ubatizo na ya Kiislamu. Abateko waliomba mvua kwa ajili ya kilima kizima. Hawakuuza bahati kwa mtu mmoja. Kuwaweka kapu moja na wauaji ni kuendeleza dharau ileile ya miaka tisini iliyopita, na ni dharau hiyo inayomweka yule mama wa mizizi kwenye mkono wa kamchape.

Kwa hiyo nawaomba wazee wetu, kwa heshima yote wanayostahili, waache kuwasimulia vijana habari za zamani iliyokuwa na amani. Wawasimulie zamani ilivyokuwa. Wawaambie ni nani aliyeachwa nje ya kanisa siku ya harusi ya ndugu yake, na swali gani la shule halikuulizwa. Viongozi wa dini wakitaka kufanya jambo pamoja Kasulu na Kibondo, wasianze na kongamano la amani lenye fulana. Waende pamoja kwenye nyumba iliyoonyeshwa na kamchape, wakae pale mchana kweupe, padri, mchungaji na shehe, wale chakula cha mwenye nyumba. Wazazi wanaoletewa posa ya dini mbili wasome ile sheria ya mwaka 1971 kabla ya kutaja mahari. Na siku ya msiba, historia ya marehemu inapoandikwa, watoto wa yule bibi aliyeondoshwa kwa ajili ya ubatizo waitwe waje kukaa mbele, na jina la mama yao lisomwe.